Kifaa kilichobaki kwenye kikebe: uchambuzi wa kisa cha mke aliyetoweka na mume aliyeshukiwa

Kabla ya kuanza

Majina, mahali, miaka na baadhi ya kazi za wahusika vimeondolewa au kubadilishwa. Nimebakiza yale tu ambayo yakitoka kisa hakifundishi kitu. Jalada hili nilipewa nilipitie baada ya rufaa kumalizika, ili litumike kuwafundisha wapelelezi wanaoanza kazi. Nimelisoma mara tatu, nikazungumza na dada wa marehemu, na daktari aliyeuchunguza mwili, na mpelelezi aliyekabidhiwa jalada likiwa limeshaharibika nusu.

Mke akitoweka kisha akakutwa amekufa, watu hugawanyika mara moja. Wako wanaosema "ni mume tu, nani mwingine?" na wako wanaosema "mwacheni mfiwa alie." Katika kisa hiki polisi walikaa upande wa pili kwa siku nane, kisha wakahamia upande wa kwanza ndani ya alasiri moja. Kwangu mimi makosa hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Upande wowote waliokuwa, hakuna aliyeuliza swali dogo: tumejuaje kwamba alitoweka saa hiyo?

Usuli

Marehemu alikuwa na miaka 36, mhasibu, mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa minne. Ndoa ilikuwa na miaka 11. Mume alikuwa msimamizi wa kazi katika kampuni ya ujenzi na alirudi nyumbani kila jioni na gari la kampuni. Majirani walimpenda. Ndiye aliyebeba wagonjwa usiku, ndiye aliyechangia wa kwanza penye msiba, na hayo yote yalikuwa kweli.

Marehemu aliugua homa ya uti wa mgongo utotoni. Sikio la kulia halikusikia tena kabisa, la kushoto lilisikia kwa kifaa cha usikivu, kile ambacho wengine hukiita shime sikio. Alikivaa akishanawa uso asubuhi na kukivua anapopanda kitandani. Kila usiku alifanya vilevile: anakifuta kwa kitambaa laini, anafungua kijimlango cha betri ili betri isiishe bure na unyevu utoke, anakilaza kwenye kikebe cha plastiki chenye vidonge vya kunyonya unyevu, anafunika. Mtaalamu wa usikivu aliyekuwa akimhudumia alieleza baadaye kwamba kifaa chenyewe huhifadhi wastani wa saa kinazovaliwa kwa siku. Wastani wake ulikuwa saa 15. Bila kifaa hakuweza kusikia honi ya gari lililo nyuma yake.

Miaka mitatu kabla ya kifo alikwenda kituo cha polisi akiwa na alama shingoni. Alisema mumewe alimkaba mpaka macho yakaingia giza. Siku nne baadaye alirudi kufuta malalamiko, akisindikizwa na mume huyohuyo. Kwenye kitabu iliandikwa "ugomvi wa nyumbani, wamepatana." Karatasi ikabaki katika kituo kile, ambacho si kile kilichokuja kushughulikia kutoweka kwake.

Miezi miwili kabla ya kifo alifungua akaunti ya benki kwa jina lake peke yake, na alimuuliza mfanyakazi mwenzake habari za nyumba za kupanga. Dada yake alijua. Hakumwambia mtu mwingine.

Mfuatano wa matukio

*Siku ya 1, Jumatatu.* Saa 1:00 jioni mume alifika kituoni. Alisema mkewe aliondoka nyumbani saa 12:30 asubuhi kwenda kupanda basi la kazini, amevaa gauni la bluu, simu mkononi. Kazini hakufika. Simu haipatikani. Askari wa zamu alimwambia arudi baada ya saa 24, huenda mama akarudi mwenyewe.

Usiku ule dada wa marehemu alikuja kulala na watoto. Alipoingia chumbani kutafuta nguo za kulalia za yule mdogo, alikiona kikebe kwenye meza kando ya kitanda, akakifunua. Kifaa kilikuwemo, kimelala ubavu, kijimlango cha betri wazi. Aliniambia kwamba alikaa kitandani, kikebe kikiwa mapajani, hajui kwa muda gani, na jambo la kwanza lililomjia halikuwa mauaji. "Nilijiuliza tu, sasa magari atayasikiaje?" Akakirudisha mezani kilipokuwa, akakipiga picha kwa simu yake bila kukigusa kifaa. Saa ya picha ni 4:17 usiku.

Alimuuliza mume. Mume akajibu, "Shemeji, siku hizi anakisahausahau." Dada hakubishana naye.

*Siku ya 2.* Taarifa ikasajiliwa. Dada alimweleza askari habari ya kikebe. Askari akamjibu, "Labda ana kingine, mama," na hakuandika. Dada alirudi nyumbani, akakitia kikebe kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa, akaifunga kwa gundi na kuwaomba majirani wawili watie sahihi kukatisha mahali palipofungwa. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo.

*Siku ya 3.* Wapelelezi walipita njia ya kutoka nyumbani hadi kituo cha basi, wakahoji wachuuzi na madereva. Hakuna aliyemwona. Walikwenda pia kwenye kituo cha mafuta kilichoko barabara kuu, ambacho kamera zake hutunza picha kwa siku saba. Waliomba picha za Jumatatu kuanzia saa 12:00 hadi saa 2:00 asubuhi. Hawakumwona. Waliandika kwamba huenda alipita upande ambao kamera haioni.

*Siku ya 4.* Saa 5:00 asubuhi simu ya marehemu iliwashwa kwa dakika sita na ujumbe ukaingia kwa dada: "Niko salama. Nimechoka, naomba mniache nipumzike. Niangalizie watoto." Dada aliupeleka kituoni mbio, akiwaambia kwamba huyu si mdogo wake. Mdogo wake huandika ujumbe mrefu, huanza na jina la utani ambalo wanalijua wao wawili tu, na hawezi kutaja "watoto" bila kuwataja majina. Kituoni waliusoma kwa namna nyingine. Jalada likaandikwa "ameondoka kwa hiari yake" na kuwekwa pembeni.

*Siku ya 8.* Picha za usiku wa Jumapili ile kwenye kamera za kituo cha mafuta zikafutika zenyewe, mpya zikaandikwa juu yake. Siku hiyo hakuna aliyejua kwamba kuna kilichopotea.

*Siku ya 9, Jumanne.* Watu wawili waliokwenda kuvua kwa ndoano waliuona mwili ukielea kwenye shimo la machimbo ya zamani lililojaa maji, kilomita 14 kutoka nyumbani. Gauni lilikuwa la bluu. Jioni hiyohiyo mume alikamatwa, umati ukiwa umeshajaa nje ya nyumba.

*Usiku wa kuamkia siku ya 10.* Alihojiwa kwa saa saba bila wakili. Kufika alfajiri kulikuwa na maelezo ya kukiri kosa yenye sahihi yake: kwamba alimpiga mkewe kichwani kwa bomba la chuma alfajiri ya Jumatatu, saa 11:00, akamtupa machimboni njiani akienda kazini.

*Siku ya 11.* Daktari alimaliza uchunguzi wa maiti. Kichwani hapakuwa na jeraha. Mfupa mdogo wa shingo ulioko chini ya ulimi ulikuwa umevunjika upande mmoja, na misuli ya shingo ilikuwa imevilia damu ndani. Chini ya gauni la bluu marehemu alikuwa amevaa nguo ya kulalia. Vifungo vya gauni vilikuwa vimefungwa vikipishana kimoja, kuanzia juu hadi chini.

*Siku ya 13.* Jalada likahamishiwa kwa mpelelezi mwingine.

Maamuzi yaliyofanyika, na sababu zake

Sipendi kuwahukumu watu kwa yale niliyoyajua baada ya kufunua ukurasa wa mwisho. Kila uamuzi ulikuwa na sababu, na ni hizo sababu zinazopaswa kuchunguzwa.

Uamuzi wa kumrudisha mume nyumbani asubiri saa 24 ulitokana na mazoea. Kanuni ya namna hiyo haikuwepo katika sheria wala miongozo yao. Katika nchi nyingi haipo, ila watu wameisikia mara nyingi mno kwenye filamu na vibarazani mpaka askari wenyewe wanaiamini.

Uamuzi wa kutafuta picha za asubuhi peke yake ulitokana na kumwamini mtoa taarifa. Yeye ndiye mume, alikuwa na majonzi, alikuwa ametaja rangi ya gauni na dakika. Maelezo yenye undani hushawishi.

Kuliweka jalada pembeni siku ya nne kulikuwa na hoja nzito zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mtu mzima ana haki ya kuondoka nyumbani kwake, na wapo wanawake wanaoondoka hivyo wakikimbia kupigwa, ambao polisi wakiwatafuta na kumwambia mume walipo wanakuwa wamewaangamiza. Mpelelezi wa kwanza alilijua hilo. Alichokosa ni hatua moja tu: kumthibitisha aliyeandika kwa kumwona uso kwa uso au angalau kwa simu ya video. Ujumbe unathibitisha kwamba simu iko hai. Mwenye simu ni habari nyingine.

Kumkamata mume siku ya tisa hakukuwa kosa. Mwili umepatikana, gauni ndilo alilolitaja, yeye ndiye wa mwisho kuishi naye. Kosa ni kilichofuata, na mpelelezi wa pili alilitambua alipolifungua jalada: tangu dakika ya kukamatwa, hakuna hata karatasi moja iliyohusu mtu mwingine, mahali pengine wala saa nyingine. Kazi yote ilikuwa kumfanya aseme.

Mpelelezi wa pili alianza na karatasi tupu. Akaandika juu: *Ni nani, asiye mume, aliyemwona au kumsikia akiwa hai mara ya mwisho?* Jibu lilikuwa dada yake. Jumapili, saa 2:10 usiku hadi 2:31, walizungumza kwa simu ya video, na kumbukumbu ya simu ilikuwepo. Kuanzia hapo dirisha la muda halikuwa tena Jumatatu saa 12:30 asubuhi kuendelea. Lilianza Jumapili saa 2:31 usiku. Saa kumi nzima zilizokuwa zimefichwa na sentensi moja ya mume zikarudi mezani.

Chini yake akaorodhesha kila linalowezekana: mume, mtu asiyemjua aliyemvamia njiani, mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akimtumia ujumbe mwingi usiku, kujiua, ajali. Kila moja akaliandikia kitu ambacho kikipatikana kitaliua. Yule mfanyakazi mwenzake alikuwa zamu ya usiku na kadi yake ya mlango ilionyesha hakutoka jengoni mpaka asubuhi. Mpelelezi hakuishia kwenye kadi, maana kadi huazimwa. Alipata watu wawili waliofanya naye kazi usiku ule.

Halafu akauliza habari za gari la kampuni. Lilikuwa na kifaa cha kufuatilia mwendo, na kumbukumbu zake zilitunzwa kwa siku 90.

Matokeo

Gari liliondoka nyumbani saa 6:52 usiku wa kuamkia Jumatatu. Lilisimama mita 300 kutoka machimboni kwa dakika 26. Lilirudi. Simu ya mume ilizimwa saa 5:40 usiku na kuwashwa saa 10:15 alfajiri. Simu ya marehemu ilipowashwa siku ya nne ili kutuma ule ujumbe, ilishika mnara uleule unaohudumia nyumba yao. Simu yenyewe haikupatikana mpaka leo.

Mahakamani yale maelezo ya kukiri yalitupwa, kama ilivyostahili. Jaji alisema hata kama yangepatikana kihalali yasingefaa kitu, kwa sababu yalieleza kifo ambacho hakikutokea. Bomba la chuma halikumgusa marehemu. Saa 11:00 alfajiri gari lilikuwa limeegeshwa nyumbani.

Upande wa mashtaka ukabaki na ushahidi wa kimazingira, yaani usio wa mtu aliyeona tendo lenyewe: kikebe, nguo ya kulalia chini ya gauni, vifungo vilivyopishana, gari, simu, na karatasi ya miaka mitatu nyuma ambayo mpelelezi wa pili aliifuata mwenyewe katika kituo kingine. Mume alieleza kwamba safari ya usiku ilikuwa ya kwenda kwa mwanamke mwingine. Mwanamke aliyemtaja alikana, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili kabisa.

Alipatikana na hatia ya mauaji. Rufaa yake ilikataliwa, ila majaji wa rufaa waliandika ukurasa mzima kuhusu picha za kamera zilizoachwa zifutike. Watoto wanalelewa na dada wa marehemu.

Uchambuzi

*Saa iliyotoka mdomoni mwa mtu mmoja.* Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Mara nyingi tukifundisha visa hivi tunaongelea uongo wa mtuhumiwa kama kitu cha kugundua: uso wake ulikuwaje, alilia au hakulia. Katika kisa hiki mume alilia sana na hilo halikusaidia wala kudhuru. Uongo wake ulifanya kazi kwa njia nyingine. Uliwapa wapelelezi fremu, nao wakaanza kutafuta ukweli ndani ya fremu hiyo. Walikwenda kwenye kamera sahihi, wakamkuta mhudumu mwenye ushirikiano, wakasimama mbele ya kioo ambacho siku ile kilikuwa na picha za usiku wa Jumapili, na wakaomba saa mbili za Jumatatu asubuhi. Ushahidi ulikuwa umbali wa kubonyeza kitufe. Hakuna aliyeuficha. Waliuacha kwa sababu hawakujua kwamba swali lao lilikuwa limeandikwa na mtuhumiwa.

Dawa yake ni ya kawaida na haina gharama. Kwenye ukurasa wa kwanza wa jalada ziandikwe saa mbili tofauti: saa ya kutoweka kwa mujibu wa mtoa taarifa, na saa ya mwisho iliyothibitishwa na mtu au kumbukumbu isiyomtegemea yeye. Kila kamera, kila kumbukumbu ya simu, kila gari, viombwe kuanzia saa ile ya pili. Mtoa taarifa akiwa mkweli, hakuna kilichoharibika; mmepoteza saa chache za kutazama picha za barabara tupu.

Pia kila kitu chenye tarehe ya kufutika kiombwe kwanza. Siku saba za kamera dhidi ya siku 90 za gari: bahati ndiyo iliyookoa kesi hii. Laiti kifaa cha gari kingefuta kumbukumbu kila wiki, sioni mahakama ingefikaje ilipofika.

*Kukabwa shingo.* Karatasi ile ya miaka mitatu nyuma haikuwa ya ugomvi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulilinganisha wanawake waliouawa na wenza wao na wanawake walionyanyaswa ila hawakuuawa, ukaona kwamba kuwahi kukabwa shingo kuliongeza uwezekano wa kuja kuuawa zaidi ya mara saba. Ongeza hapo kwamba alikuwa anajiandaa kuondoka, wakati ambao wote wanaohudumia wanawake wanaopigwa wanaujua kuwa wa hatari kuliko yote. Kwa mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba wanawake na wasichana 51,100 waliuawa duniani na wenza wao au watu wa familia zao, yaani 140 hivi kila siku, na hao ni karibu asilimia 60 ya wote wa jinsia yao waliouawa kwa makusudi. Takwimu hizo haziwezi kumtia mtu hatiani. Zinatosha kabisa kumfanya askari wa zamu apige simu kituo cha jirani na kuuliza: jina hili mnalo?

Neno "wamepatana" nalo linaniuma. Mke alirudi kufuta malalamiko akiwa na mume kando yake. Hakuna aliyemwita chumba cha pembeni akamuuliza peke yake. Dakika kumi zingetosha.

*Kikebe.* Wapelelezi wengi niliowaonyesha picha ile hawaoni kitu mpaka waelezwe. Dada aliona papo hapo kwa sababu alimjua mtu. Kifaa kilichoanguka sakafuni kingesema kitu kimoja, kifaa kilichosahaulika bafuni kingesema kingine. Hiki kilikuwa kimewekwa mahali pake, kijimlango wazi, kwa mkono wa mtu anayemaliza siku yake. Kilikuwa saa ya ukutani iliyosimama: marehemu alikuwa amekwenda kulala, na hakuamka akajiandaa kwenda kazini. Nguo ya kulalia chini ya gauni, na vifungo vilivyofungwa na mtu asiyezoea kufunga vifungo vya gauni lile, vilikuja kusema hilohilo siku kumi baadaye.

Wakili wa utetezi alifanya kazi yake vizuri. Alisema dada ndiye aliyekitia kifaa kwenye kikebe. Hapo ndipo picha ya saa 4:17 usiku, bahasha na sahihi za majirani vilipookoa kielelezo. Kielelezo muhimu kuliko vyote kwenye kesi kilitunzwa na mfiwa, kwa akili yake mwenyewe, baada ya askari kukataa kukiandika. Ndugu wakisema "huyu hawezi kufanya hivi," sentensi hiyo iandikwe neno kwa neno, na waulizwe swali la pili: *kwa nini hawezi?* Majibu mengi hayatafaa. Hili lilifaa.

*Daktari.* Wapelelezi wa kwanza walimbana ataje saa ya kifo, wakiwa na saa 11:00 alfajiri mkononi. Alikataa. Mwili ukiwa majini siku tisa, kukakamaa kumeshakwisha, joto limeshapotea, na kasi ya kuoza hufuata joto la maji. Aliandika "kati ya siku saba na kumi" na hakusogea. Alisema pia kwamba kuvunjika kwa mfupa ule wa shingo kunaunga mkono kukabwa, ila usipovunjika haimaanishi hakukabwa, hasa kwa vijana ambao mfupa huo bado unanepa. Daktari anayekubali kunyoosha maneno ili yalingane na jalada angeiua kesi hii siku ya kuulizwa maswali na utetezi.

*Kukiri.* Maelezo yale ya alfajiri yana sifa moja ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuitafuta: kila kilichomo kilikuwa kinajulikana au kudhaniwa na waliokuwa wakihoji usiku ule. Waliamini alipigwa kichwani kwa sababu aliyeuona mwili alisema uso umevimba. Waliamini alfajiri kwa sababu bado walikuwa wanaishi ndani ya Jumatatu. Hakuna jambo jipya hata moja, na yaliyokuwa ya kweli, dakika 26, kikebe, shingo, hayamo. Na huyu alikuwa mwenye hatia. Mtu mwenye hatia alisaini uongo uliotungwa na polisi. Fikiria asiye na hatia.

*Kushuku na kujua.* Kuna wanaoniambia: kwa kuwa mume ndiye aliyeua, si walikuwa sahihi kumng'ang'ania tangu siku ya tisa? Hapana. Michael Morton wa Texas alitiwa hatiani mwaka 1987 kwa kumuua mkewe, akakaa gerezani karibu miaka 25. Mwaka 2011 vinasaba kwenye kitambaa kilichookotwa karibu na nyumba yao vilionyesha muuaji ni mtu mwingine, ambaye naye alitiwa hatiani mwaka 2013. Kitambaa hicho kiliokotwa na kaka wa marehemu, tena siku moja tu baada ya mauaji. Wapelelezi walikuwa wameshapata mtu wao.

Kisa chetu kilisalimika kwa sababu mpelelezi wa pili alimtendea mfanyakazi mwenzake wa marehemu kama mtuhumiwa halisi. Utetezi ulipomnyooshea kidole mahakamani, jibu lilikuwa tayari kwenye jalada, limepatikana kabla ya mtu kulihitaji. Mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa Uingereza hudai ushahidi wa kimazingira usiache maelezo mengine yoyote yenye mantiki isipokuwa hatia ya mshtakiwa. Maelezo hayo mengine hayajiondoi yenyewe. Lazima mtu aende akayaondoe, mguu kwa mguu, na awe tayari moja lao likikataa kuondoka.

Kuhusu uongo wa safari ya usiku, jaji alikuwa mwangalifu na mimi naungana naye. Mume anaweza kudanganya juu ya mwanamke wa nje na asiwe ameua mtu. Uongo ule ulipata uzito kwa sababu ulikuja baada ya kumbukumbu za gari, na kwa sababu ulikwenda kinyume na ramani.

*Mtoto.* Hili sijaona limepata jibu zuri katika jalada. Usiku wa siku ya kwanza yule mtoto wa miaka minane alimwambia mama yake mkubwa, "Leo mama hakutuamsha, baba alisema tuondoke polepole amelala." Dada alilitaja siku ya pili pamoja na kikebe, na lenyewe halikuandikwa. Katika kisa cha Morton pia mtoto mdogo alikuwa amemwambia bibi yake alichokiona, kwamba baba hakuwepo, na maneno yake hayakuufikia utetezi. Mtoto mmoja angemwokoa baba yake, mwingine angemfichua, na wote wawili walisikilizwa na ndugu tu.

Mtoto wetu alihojiwa rasmi wiki ya sita, na mtu mwenye ujuzi wa kuzungumza na watoto, chumba kizuri, maswali yasiyomwelekeza. Alirudia sentensi yake vilevile. Mahakama iliipa uzito mdogo, kwa kuwa kufikia siku hiyo alikuwa ameshaulizwa jambo hilohilo na watu wazima tisa.